Kanisa la Mtani

Wageni wanaopanda kwetu, juu kabisa ya mabonde ya Lukozi, wakiliona kanisa huuliza lilijengwa na mzungu yupi. Huwa nawajibu kwamba mzungu mwenyewe ndiye huyu mnayeongea naye, aliyevaa koti la mvua na ndala. Wanacheka. Mimi sicheki. Nilisoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza, lakini nguzo za kanisa lile hazijayumba mpaka leo, na wapo mainjinia ambao madaraja yao yamekwenda na maji.

Nieleze nilikotoka, mtu asije akadhani nilizaliwa na Biblia mkononi. Baba alifariki nikiwa shuleni, nami ndiye niliyekuwa mkubwa nyumbani, basi shule ikaishia hapo. Nikaenda msitu wa Shume kupasua mbao. Siku hizo hatukuwa na mashine. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwingine anaingia shimoni, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yenu tangu asubuhi mpaka jioni. Mgeni huanzia chini. Wa chini ndiye anayekula unga wa mbao kwa macho, pua na mdomo. Wako watu walikaa chini miaka mpaka kope zikawaisha. Mimi nilikaa chini msimu mmoja, nikapanda juu, na niliowakuta shimoni niliwaacha shimoni. Ndivyo nilivyoumbwa.

Kusoma sawasawa nilijifunzia kambini. Kulikuwa na Agano Jipya moja limechakaa, jalada halina, nikalisoma mpaka nikaweza kulisema bila kulifungua. Jumapili wenzangu wakawa wanakaa kwenye magogo, mimi nasimama nasema, wao wanasikiliza. Sauti ninayo. Nikikohoa Lukozi, Mlalo wanajua nina mafua. Habari zikateremka mpaka kwa mchungaji wa usharika wetu, naye akaniita.

Uhuru ulikuwa umekwisha kuwa jambo la kawaida. Azimio lilikuwa limetangazwa, na maofisa walikuwa wanapanda milimani kutuambia kuwa vitongoji vyetu vilivyotawanyika migombani sasa ni vijiji vya ujamaa. Katika vitongoji hivyo palikuwa na mgongo mmoja wa mlima ambao dini zote zilikuwa zimeushindwa. Watu wake walikuwa wa ukoo mmoja. Walikuwa wakitambikia wazee wao kwenye makaburi yaliyoko nyuma ya nyumba, na wakati wa kufanya hivyo, ambao kwa Kishambaa huitwa fika, mgongo mzima ulinyamaza, hata jembe halikusikika. Mwalimu wa madrasa kutoka bondeni alikwenda, akashuka. Wainjilisti wetu walikwenda, wakashuka.

“Watatu wamekutangulia,” mchungaji aliniambia. “Wawili kati yao walikuwa na cheti.”

“Basi safari hii mpeleke asiye na cheti,” nikasema.

Mchungaji alikuwa Mshambaa mwenzetu, mtu mrefu, mpole, lakini akisema jambo hulisema mara moja. “Mabati ya kanisa hilo yako tayari stoo. Kuta zikisimama kabla ya masika, yatapanda kwako. Zisiposimama yatakwenda mtaa mwingine unaoyalilia, na kituo tutakifunga. Na wewe…”

“Na mimi nitarudi shimoni,” nikammalizia.

Sasa mtu aelewe hapo. Kambini nilikuwa nimekwisha kuaga. Wala sikuaga kwa unyonge. Niliwaambia kwamba mara nyingine wataniona nimevaa koti, na anayetaka kunisalimia asimame kwanza ajipanguse unga wa mbao. Mtu aliyeaga hivyo hawezi kurudi kuomba msumeno. Afadhali aende akafie Tanga.

Nilipanda na mke wangu, mtoto wetu mgongoni kwake. Mkuu wa ukoo ule, mzee aliyekuwa akiongoza tambiko, alitupokea vizuri. Alikuwa mfupi, mkavu, koti la jeshi la zamani limemfika magotini. Nikampa shikamoo, akaipokea taratibu kama anaipima. Akatupa kibanda kilichokuwa kitupu, akatuma watu walete ndizi na kuni. “Karibuni,” alisema. “Kaeni. Imbeni. Sisi hatumfukuzi mtu.”

Na kweli hawakutufukuza. Tulipoimba jioni walikuja, wakakaa nje kwenye majani wakisikiliza. Haukupita muda nikawa nawasikia wanawake wanapalilia maharage huku wanavuma nyimbo zangu. Nikajisemea, hawa watatu walioshuka walikuwa watu wa namna gani? Hapa mbona kazi imekwisha?

Nikaomba kiwanja, nikaonyeshwa kipande tambarare mwishoni mwa mgongo. Nikapata kibali cha msitu, nikakata nguzo za mwangati mwenyewe, mti ambao mchwa wanaupita mbali. Nikazimenya magome, nikazipanga. Zilibaki kubebwa tu. Hapo ndipo nilipokwama. Nguzo ya mwangati ya kanisa si fimbo. Mtu mmoja hawezi, wawili hawawezi, na njia kutoka msituni ni mteremko halafu mpando. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaita watu. Hakuna aliyekataa. Mshambaa hakukatalii usoni. Huyu mgongo unamuuma, yule anamsubiri shemeji yake, mwingine atakuja kesho. Na hata hivyo kazi ya kuitana kwetu ina desturi yake. Mwenye kazi huandaa pombe ya miwa, watu hubeba asubuhi na kunywa mchana. Mimi sinywi na wala siwezi kumnywesha mtu. Lakini niligundua kwamba si pombe iliyowazuia. Walikuwa wananionea huruma, na huruma ya mtu asiyekusaidia inauma kuliko tusi.

Nikaenda kwa mzee.

“Mnanichukia?” nikamuuliza.

“Tukuchukie kwa lipi? Sauti yako nzuri, na mke wako ana adabu kukushinda.”

“Basi mbona nguzo zangu zinaota uyoga?”

Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Aliendelea kuchonga. “Kila anayekaa mgongo huu ametajwa kwa wenyewe. Bibi harusi akiletwa, tunakwenda makaburini, tunawaambia wazee, huyu ni wetu. Mtoto akizaliwa, tunawaambia. Wewe hujatajwa. Ukisimamisha nyumba ya kupigia kelele juu ya vichwa vyao, watauliza, nani huyo? Tutawajibu nini? Na mvua ikigoma, nani atakayelaumiwa? Wewe utashuka. Sisi tutabaki na njaa.”

“Basi nitajeni.”

“Kutajwa kuna kuku na kuna pombe. Anayetajwa anasimama pale pale, anaonja, ndipo inamiminwa.”

“Hilo siwezi, mzee. Nikifanya hivyo mimi si mwinjilisti tena.”

“Najua. Hata wale watatu walisema hivyo. Sisi tuliwaheshimu, wao wakatuheshimu, wakashuka.” Akauinua mpini, akaufumbia jicho moja kuangalia kama umenyooka. Mazungumzo yakaisha.

Habari zikamfikia mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa kijana wa Chama, mwenye bidii, anatembea na redio begani. Akanijia na ukarimu wake. “Mwinjilisti, usihangaike. Jumatano ni siku ya shamba la ujamaa. Nitatangaza kwamba Jumatano hii maendeleo ni kubeba nguzo. Asiyefika anapigwa faini.”

Mwingine angerukia. Mimi nilikataa hapo hapo, na hii ndiyo tofauti ya mtu aliyesoma dunia. Watu wa milimani walikwisha kulimishwa matuta kwa amri enzi za mkoloni. Mpaka leo ukitaja neno matuta mbele ya wazee, wanatema mate. Nikamwambia, “Mwenyekiti, waliobeba kwa amri watabomoa kwa hiari. Niachie.”

“Masika hayo yanakuja.”

“Yanakuja hata kwako.”

Akaondoka akitikisa kichwa. Nami nilibaki sina hata ufa wa kupitia, ingawa kwa nje nilitembea kifua mbele. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua kwamba nilikuwa silali sawasawa.

Ufa ulitokea kwa bibi mmoja, dada mkubwa wa yule mzee. Alikuwa mjane aliyerudi kwao, amepinda mgongo lakini ulimi umenyooka. Asubuhi moja alimkuta mke wangu kisimani, akaongozana naye mpaka nyumbani, akakaa kwenye jiwe akaanza kunihoji. Nimetoka wapi, baba yangu nani, mama yangu wa ukoo gani. Nikamtajia ukoo wa mama. Bibi akainuka, akaingia jikoni kwetu bila kubisha, akatoka na kata ya maji ya kuoshea vyombo, akanimwagia yote kifuani.

Mke wangu alishika mdomo. Bibi akajipangusa mikono kwenye kaniki yake.

“Kumbe mtani wangu, umekaa hapa kimya siku zote hizi kama mwizi wa kuku.”

Ilikuwa hivi. Ukoo wa mama yangu na ukoo wao ni watani tangu mababu. Inasemekana waligombania mpaka wa mashamba huko mtoni hadi damu ikamwagika, halafu wakapatana kwamba kuanzia siku hiyo hakuna wa huku atakayemkasirikia wa kule, aseme nini, achukue nini. Mimi nililelewa kwa baba, na utani wa kwa mama nilikuwa nikiusikia kwa mbali tu.

Toka hapo sikupumzika. Kila asubuhi bibi alipita mlangoni kwangu.

“Yuko wapi yule popo wa Kilutheri? Bado hajapata pango la kuning'inia?”

“Shikamoo bibi. Wewe wazee wako wamekusahau au wamekukataa? Wenzako wote wamekwisha kwenda.”

“Wananiogopa. Wakisikia naja watahama.”

Nyimbo zangu alizipenda, ila alikuwa anasema nimeziiba kwa mbuzi aliyenaswa kwenye uzio. Watu walitusikiliza wakicheka, na nikaona wameanza kunitazama kwa namna nyingine kidogo. Lakini nguzo hazikuondoka msituni.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa nyika yule bibi alipofariki. Alikwenda mchana, ndani ya nyumba yake, bila kusumbua mtu. Nilisikia kilio kutoka ng'ambo ya migomba, nikajua ni yeye, maana kwa mwingine wasingelia vile. Nililia na mimi. Sioni aibu kusema.

Mke wangu alikuwa amekwisha kujifunga kanga. “Utakwenda kama nani?” aliniuliza. “Kama mwinjilisti au kama mtani?”

Swali lilikuwa zito. Usharika haukupenda wainjilisti wake waonekane kwenye msiba wa tambiko, penye pombe na kumimina. Lakini mtani asiyekwenda kumzika mtani wake ni mtu gani? Nilikuwa bado natafuta jibu tukiwa njiani, mara nikaona njia nzima, kama vile gogo linavyofunguka ukilipata pale penye mshipa. Nikasimama nikacheka peke yangu. Mke wangu alidhani huzuni imenizidi. Siku hizi anasema yeye ndiye aliyeanza kunifungua kwa lile swali lake. Nimemwachia aseme.

Kwa asiyejua desturi, nieleze. Kwenye msiba, kilio ni cha wafiwa. Kazi ya watani ni kukivunja. Mtani huvaa nguo ya marehemu, hutembea kama yeye, huwatukana wafiwa kwa sauti ya marehemu mpaka wacheke na machozi yao. Na kaburi likiisha kuchimbwa, mtani anaweza kuingia akalala ndani, na hatoki mpaka apewe anachotaka. Kwa kawaida hutaka jogoo, au kibuyu cha pombe. Akitaka, hanyimwi. Mtani akiwa shimoni marehemu hana pa kuingia, na marehemu kuachwa nje ni kuiharibu nchi, mvua na mazao. Hakuna mkuu wa ukoo atakayethubutu.

Tulikuta kaburi limekaribia kwisha, nyuma ya nyumba, udongo mwekundu umerundikwa chini ya migomba. Nilivua koti langu la uinjilisti, nikampa mke wangu alishike. Nikaomba kaniki ya marehemu na fimbo yake. Nikajitanda, nikapinda mgongo, nikapita katikati ya waombolezaji nikiburuta mguu wa kushoto kama alivyoburuta yeye.

“Mnalia nini?” nikawauliza kwa sauti yake. “Mlipokuwa mnanipa ndizi mbivu zenye kuoza hamkulia. Na yule popo wa Kilutheri yuko wapi? Amekuja kula makande ya msiba wangu?”

Mama mmoja aliyekuwa anajigaragaza aliinua kichwa, akaniona, akaangua kicheko mpaka akashikwa. Kikaenea. Hata wachimbaji waliegemea majembe. Walipotoka shimoni kupumzika, nikatupa fimbo, nikaruka ndani, nikalala chali.

Chini kulikuwa na baridi. Lakini mimi shimo halinitishi.

“Mtani, toka,” mchimbaji mmoja akasema.

“Sitoki. Pamenifaa. Bibi akatafute pengine.”

Vichwa vikajaa ukingoni, vinacheka.

“Mpeni jogoo atoke.”

“Jogoo wenu? Amekonda kama wenyewe. Nikimla nitakohoa manyoya.”

“Anataka pombe huyo.”

“Pombe yenu ni maji ya kuoshea miguu. Mpeni mbwa, naye mwombeni radhi kwanza.”

Walicheka, lakini jua lilikuwa linasogea, na nikasikia kicheko kinapungua. Ndipo vichwa vikapisha, na mzee mwenyewe akasimama ukingoni, mikono nyuma, koti la jeshi limeniziba jua.

“Mtani,” alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Siku zote aliniita mgeni. “Mwili wa dada yangu unasubiri. Sema unalolitaka.”

Yeye ndiye niliyekuwa namngoja. Sikukaa, nilisema vile vile nimelala.

“Nguzo zangu zimelala msituni. Nataka ziamke. Kila mwanamume aliyesimama ukingoni hapa anipe bega lake, mpaka nguzo ya mwisho ifike kiwanjani. Na bila pombe. Mtani wenu hanywi, wala hanyweshi.”

Nilisikia majani ya migomba yakisuguana. Kisha sauti ya mtu nyuma, taratibu, “Huyu ametuweza.”

Mzee hakusogea. “Na walioko huko chini,” akasema, “wakituuliza wewe ni nani?”

“Wameniona, mzee. Nimelala mlangoni kwao tangu jua liko pale juu. Wenye neno wangekwisha kulisema.”

Sikuwa nikiwaomba wafu kitu, Mungu anajua. Nilikuwa namtania aliye hai. Lakini niliona usoni kwake kwamba lile neno limeingia mahali. Alitazama kaburi, akanitazama mimi, akatazama nyumba ambamo dada yake alilala. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani, na mimi kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake.

“Dada yangu atawaeleza,” alisema. “Hakuwahi kunyamaza huyo. Toka. Umepata.”

Alinyoosha mkono, akanivuta mwenyewe.

Tulimzika. Walipomimina pombe yao nilisogea nikasimama mbali na mke wangu, nikavaa koti langu, na hakuna aliyenishangaa. Walipomaliza niliuliza kama naweza kuimba. Mzee akasema marehemu angetukana kama nisingeimba. Nikaimba ule wimbo aliouita wa mbuzi, na sijawahi kuuimba vile tena.

Kesho yake, kabla umande haujakauka, wanaume walikuwa wamejaa mlangoni kwangu. Mgongo uliokuwa ukiwauma ulikuwa umepona. Tukaingia msituni, nguzo zikapanda mabegani, na walibeba kwa nyimbo zangu mwenyewe, isipokuwa maneno walikuwa wameyabadilisha, kila ubeti ukawa wa kunitukana mimi. Mke wangu alipika makande kwenye sufuria la kuazima. Watu wakala, wakanywa togwa, wakalalamika kwamba wamechukuliwa utumwani na maiti, wakarudi kubeba. Siku iliyofuata wakaja hata ambao hawakuwako kaburini. Wanawake wakaleta maji ya kukandia udongo ingawa utani haukuwadai kitu. Tulichimbia nguzo, tukafunga fito, tukakandika. Paa nililipiga mwenyewe, kenchi kwa kenchi. Wengine walinishikia tu. Mtu aliyesimama juu ya gogo miaka ile haogopi kusimama juu ya ukuta.

Bondeni maneno yalikwisha kufika. Mchungaji alipanda kwa miguu. Alilizunguka jengo, akagonga nguzo kwa kiganja, kisha akaniita pembeni.

“Nasikia umelala kaburini, kwenye msiba wa tambiko.”

“Nimelala, mchungaji.”

“Ulikunywa?”

“Hapana.”

“Uliwaomba wafu?”

“Niliomba nguzo. Tena kwa walio hai.”

Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu. “Babu yangu,” akasema, “mtani wake aliwahi kulala hivyo kaburini kwa ajili ya mbuzi. Walibishana mpaka ng'ombe wakarudi zizini.” Akavaa miwani. “Usilirudie.”

“Nikipata bibi mwingine kama yule…”

“Usilirudie. Mabati yatapanda Jumamosi.”

Yakapanda. Walibeba vichwani, jua linawaka juu yake mpaka mlima mzima ukaonekana unatembea na vioo. Mwenyekiti naye alibeba, redio yake ikiimba begani.

Lakini kulibaki jambo moja, na hilo nilikuwa silisemi kwa mtu. Masika yalikuwa yamechelewa. Mawingu yanakuja mpaka kwenye ukingo wa milima, yanarudi. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuwekwa ardhini. Watu walibeba, walijenga, walicheka, ila jioni niliwaona wanatazama mbingu, halafu wanatazama paa langu jipya linalong'aa. Na mchungaji, ingawa mabati aliyaleta, alikuwa amesema uamuzi wa mwisho wa kituo atautoa siku ya ibada ya kwanza, atakapoona kama watu wataingia au watakaa nje.

Jumapili ile walijaa nje. Ndani waliingia mke wangu, watoto, wanawake wachache waliokuwa wamezizoea nyimbo. Wanaume walisimama chini ya miti, mikono kifuani. Mzee alikaa kwenye jiwe chini ya upenu, si ndani, si nje. Niliongoza nyimbo kwa sauti yangu yote, lakini nasema kweli, nilikuwa naimba huku kwapa zimelowa jasho la baridi. Mchungaji akapanda kuhubiri. Alikuwa hajafika mbali, hajafika hata kwa Musa, tukasikia kitu kimegonga bati. Kikagonga tena. Halafu mvua ikaanguka yote kwa pamoja.

Mtu asiyewahi kukaa chini ya bati jipya kwenye mvua ya Usambara hajui kelele. Mchungaji alionekana midomo inacheza tu. Wanaume chini ya miti walitazamana, wakaanza kukimbia, na hapakuwa na pa kukimbilia ila kwangu. Waliingia wakijikung'uta, wakajaza mabenchi, wakasimama ukutani, wakakanyagana vidole. Mzee aliingiza kichwa dirishani, maji yanamtiririka kwenye kola, akanipigia kelele:

“Mtani, mwambie apumzike. Tumekwisha kusikia.”

Kanisa zima likacheka. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa mvua. Mzee, niliona midomo yake, alikuwa anawashukuru wa kwake. Mimi nilishukuru kama mchungaji, lakini pia nilikuwa natazama misumari yangu juu, na hapakuwa na hata tone moja lililopita.

Mzee hakubatizwa kamwe, lakini wajukuu zake wote niliwafundisha mimi. Siku hiyo, mvua ikiwa bado inapiga, mchungaji alifunga kitabu, akanyoosha mkono kuelekea kwangu, akasema kwa nguvu zote za kifua chake kwamba kituo kinabaki na mwinjilisti anabaki.

Nikamwomba aseme tena. Nilikuwa nimemsikia vizuri sana, ila wa nyuma hawakusikia, nami nilitaka wasikie.